Fundi Raili anatafuta mtu wa kumwambia ukweli kilimani

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Boneti ya Datsun ya kijani iko wazi, injini inanguruma taratibu, na Raili Uotila ameinama juu yake kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Mkono wake wa kulia umeshika distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche. Anaizungusha kidogo, upana wa ukucha tu. Injini inaongeza kasi. Anairudisha. Injini inatulia.

Mlango wa gereji umeachwa wazi ili moshi utoke. Nje, theluji ya mwisho imejibanza upande wa kaskazini wa ukuta, nyeusi kwa vumbi la changarawe. Barafu ya ziwani imegeuka kijivu na hakuna tena anayethubutu kuikanyaga.

Karibu na mlango amesimama mwenye gari, Taisto Eerola, mkulima mstaafu wa miaka sabini na minne. Kofia iko kichwani, mikono iko nyuma. Amefika tangu saa mbili kasoro robo, na mpaka sasa ametamka neno moja tu: "Haya."

"Huyu leo kaamka na maneno mengi," anasema Raili bila kuinua kichwa.

Taisto anatazama viatu vyake na kuvitabasamia.

Zimebaki siku kumi na moja kabla ya Vappu, sikukuu ya Mei mosi. Siku hiyo magari ya zamani ya wilaya hii hutoka ghalani yalikolala majira yote ya baridi, yakaandamana polepole hadi uwanja wa soko, huku wenyewe wamevaa kofia zao nyeupe za kuhitimu shule, zilizokwisha kuwa za manjano. Kabla ya siku hiyo, karibu yote hupitia kwanza mikononi mwa Raili.

Ana umri wa miaka sitini na saba. Gereji yake iko kando ya barabara ya kwenda Lammi, mkoani Häme, katika jengo lililokuwa la kukusanyia maziwa. Magari ya kisasa hapokei. "Hayo yana kompyuta, yajisemee yenyewe," anasema. Yeye ni wa Datsun, Saab, Lada, Kadett na ndugu zao, magari ya enzi ambayo mtu alifungua boneti akaona injini, na chini ya injini akaona ardhi.

Anabadilisha plagi, anasafisha kabureta, anakaza breki. Lakini kinachowaleta watu kutoka hata kilomita mia moja ni kazi moja, kuweka taimingi.

Kwa asiyejua, ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, na plagi hurusha cheche ya kuwasha petroli. Cheche hairushwi pistoni ikiwa imefika juu kabisa. Inarushwa kabla kidogo, kwa sababu petroli nayo inahitaji muda wa kuwaka. Ikirushwa mapema mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda na kuipiga utosini. Ikichelewa, moto unasukuma pistoni iliyokwisha kuondoka, na gari linakuwa zito, lenye joto na mlafi wa mafuta. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi ndogo sana, na ndiyo ambayo mkono wa Raili unaitafuta anapoizungusha distributa.

Anaanza na taa maalumu ya taimingi, kama mafundi wengine. Anachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta, anauziba kwa bolti ndogo anayoihifadhi mfukoni, kisha anamulika alama iliyochongwa kwenye puli ya mbele ya injini mpaka ionekane imesimama palipoandikwa katika kitabu cha gari. Baada ya hapo anafunga kitabu.

"Taa inaniambia kitabu kilitaka nini mwaka sabini na tatu, kwa petroli ya mwaka sabini na tatu," anasema. "Petroli ile haipo tena. Na injini yenyewe imezeeka kama mimi. Kwa hiyo naenda kukiuliza kilima."

Kilima chenyewe kinaitwa Myllymäki, kilomita tatu kutoka gereji. Raili hukipanda kwa gia ya nne, spidi ndogo, mafuta amekanyaga mpaka chini, jambo ambalo dereva mwenye akili timamu halifanyi. Injini ikielemewa namna hiyo, taimingi iliyo mbele mno, yaani cheche ya mapema, hujitangaza. Unasikia mlio mwembamba kutoka mbele, kama vijiko vinavyogongana ndani ya droo. Raili huviita hivyohivyo, vijiko. Vikilia sana anashuka, anairudisha distributa nyuma kidogo, anapanda tena. Anapaacha pale ambapo vijiko vinagusana mara mbili tatu, kisha vinanyamaza.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka arobaini na tisa. Shida ya Raili, na sababu ya makala haya, ni kwamba havisikii tena.

Alifundishwa na baba yake, Arvo, aliyekuwa na kituo cha mafuta kijijini. Mzee Arvo hakuwa mtu wa kueleza. Alimkalisha binti kando yake, akapanda Myllymäki, na vijiko vilipoanza aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Vilipokwisha, alikishusha.

"Hilo ndilo lilikuwa somo lote," Raili anakumbuka. "Nilikaa pembeni yake miaka minne. Sikuwahi kusema 'nasikia', naye hakuwahi kuniuliza. Ungeuliza vipi? Ilikuwa ni kama kumuuliza mtu kama anaona jua."

Tabia hiyo ilibaki. Mwenye gari hupanda naye kilimani, hukaa kiti cha pembeni, huweka mikono magotini na kunyamaza. Raili ndiye fundi. Katika nchi hii, kumfundisha fundi kazi yake ukiwa umekaa ndani ya gari ni utovu wa adabu, karibu sawa na kuingia sauna ya mtu bila kualikwa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi Juni, Taisto alileta Datsun hii hii. Aliinunua ikiwa mpya, mwaka ambao yeye na mkewe Helmi walioana. Raili alimulika taa, akafunga kitabu, wakapanda Myllymäki pamoja. Kwa Raili injini ilikuwa kimya kabisa. Akashuka, akasogeza taimingi mbele. Wakapanda tena. Kimya. Akasogeza tena.

Taisto alivisikia vijiko tangu safari ya kwanza. Safari ya tatu, anasema, ilikuwa kama harusi inaosha vyombo.

"Nikamuuliza, nzuri?" Raili anasimulia. "Unajua alinijibu nini?"

"Haya," Taisto anajibu mwenyewe kutoka mlangoni.

Siku kumi baadaye, siku ya jua kali, Taisto na Helmi walifunga tela nyuma ya gari, wakapakia kochi na kabati, wakaanza safari ya kwenda kwa binti yao huko Mikkeli. Vijiko viliwasindikiza njia nzima. Walipopita Heinola, Helmi aliuliza, "Hiyo ni sauti ya nini?" Taisto akamjibu kwamba ni taimingi ya Raili. Helmi akaridhika. Jina la Raili lilitosha kunyamazisha hata injini inayokufa.

Kilomita thelathini kabla ya kufika, moshi wa buluu ulitoka nyuma na nguvu zikaisha. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Taisto kilikuwa na mshindo wa pistoni iliyotoboka.

Na hata hapo hakusema. Gari lilivutwa hadi nyumbani, likafunikwa turubai ghalani. Mwezi Agosti Raili alikutana naye dukani, mbele ya friji la maziwa, akamuuliza Datsun inaendeleaje.

"Akaniambia, 'Limepumzika.'" Raili anatikisa kichwa. "Limepumzika! Gari la miaka hamsini, katikati ya kiangazi, lipumzike! Nikajua kuna jambo."

Jioni ileile aliendesha hadi kwa Eerola, akatoa turubai, akafungua plagi moja moja na kuzitazama kwenye mwanga wa mlango. Ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vyeupe vya kung'aa, vimeganda kwenye ncha. Fundi yeyote wa magari haya anajua ni nini. Ni pistoni yenyewe, iliyoyeyuka.

Raili alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimuuliza Taisto kwa nini hakumwambia kule kilimani.

"Nilidhani unasikia," Taisto alisema.

Mwezi uliofuata Raili alikwenda kupimwa masikio mjini Hämeenlinna. Alivalishwa vipokea sauti vya masikioni na kupewa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Alibonyeza vizuri milio mizito, kisha akatulia na kungoja.

"Nikangoja, nikangoja. Mwisho nikamwambia yule nesi, 'Endelea basi, mwanangu.' Akanitazama. Akasema, 'Mama, nimeshamaliza.'"

Anapofika hapa Raili anazima injini ya Datsun, na kwa muda anafuta mikono yake kwa tambara ingawa haina grisi mpya. Machozi hayatoki. Lakini anaifuta mikono ile kwa muda mrefu.

Chanzo kilikuwa miaka mingi ya bunduki za upepo za kufungulia nati, nyundo na ekzosi zilizotoboka, bila kitu masikioni. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia. Anakivaa, na anakisifu. "Kimenirudishia maneno ya watu," anasema. "Vijiko hakikunirudishia. Ndani ya gari kinanipa upepo, matairi na kelele za kiti. Hicho ninachokitaka hakimo."

Hakumwambia mtu. Alilipa kutoka mfukoni mwake pistoni mpya na kazi ya kuchonga silinda, yuro elfu moja na mia tatu, zaidi ya pensheni yake ya mwezi mzima, na majira ya baridi yote yaliyopita aliiunga injini ya Taisto upya kwa mikono yake. Taisto alijaribu kukataa kwa kutikisa kichwa. Raili alijifanya hakuona.

Wengine waliendelea kuja, kwa kuwa hawakujua. Mficha maradhi, tunasema, kifo humuumbua, na Raili alikuwa anayaficha maradhi ya masikio yake katika injini za watu. Kiangazi kilichopita, kwa hofu ya kutoboa pistoni nyingine, alizirudisha nyuma taimingi za magari yote. Alimulika taa, akarudisha, akarudisha tena kidogo ili alale usingizi. Kilimani alikwenda kwa kutimiza desturi tu.

Yalikuwa magari ishirini na sita. Yote yalipanda vilima vya Häme kama wazee wenye magoti mabovu, yakala mafuta, yakachemka kwenye foleni, na hakuna mwenye gari hata mmoja aliyepiga simu.

Aligundua mwezi Septemba, alipoazima Saab ya mteja mmoja kubebea viazi. Gari lilikaribia kusimama katikati ya Myllymäki, na fundi aliyeliweka taimingi akiwa ndiye dereva. Aliporudi alimpigia simu mwenye gari, akamuuliza kama gari lake lina nguvu.

"Akasema ni zuri sana," Raili anasimulia. "Nikamwambia, hebu niambie kweli. Akasema, 'Siku hizi tunapita njia ya bondeni.'"

Taisto anacheka. Ni kicheko kifupi, kinachotoka puani, lakini kipo.

"Wewe usicheke!" Raili anamgeukia. "Wewe ndiye mwenyekiti wao."

Aliita magari yote ishirini na sita, akasema ni marekebisho ya kawaida, akayaweka palipoandikwa kitabuni. Hakuridhika. Kitabuni ni mahali pa kuanzia tu. Anajua kwamba baadhi ya wenye magari bado wanapoteza nguvu, na wengine huenda wanatembea na vijiko bila kusema. Kwa yuro sabini anazotoza kwa gari, anasema, hawezi kumpa mtu kazi ya kubahatisha. Angeweza kufunga gereji. Ameliwaza hilo. Anapolitaja anatazama ukuta wa spana, kila moja ikiwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu ili ijulikane inarudi wapi.

"Nikifunga, nitaamka niende wapi?" anauliza. Hamuulizi mtu.

Kahawa inaandaliwa kwenye benchi la kazi, maana bila kahawa hakuna jambo linaloanza katika mkoa huu. Kuna mkate mtamu wa iliki ambao Helmi ametuma. Raili anakaa, anapandisha sauti ya kifaa chake cha masikioni, anamkazia Taisto macho.

"Mzee Taisto, leo utafanya kazi."

"Haya."

"Hapana, si haya. Nisikilize. Tunapanda Myllymäki. Ukisikia vijiko, unasema 'vijiko'. Usiposikia, tukifika juu unasema 'hakuna'. Kunyamaza ni marufuku. Ukinyamaza mimi sijui kama injini ni nzuri au wewe una adabu."

Taisto anazamisha mkate kwenye kahawa.

"Hebu jaribu. Sema vijiko."

"Vijiko," Taisto anakiambia kikombe.

"Hata kikombe hakijakusikia."

"Vijiko."

"Bwana wee, mimi ni kiziwi! Ndilo tatizo lenyewe hilo! Unaninong'oneza kama tuko kanisani?"

Taisto anaweka mkate chini. Shingo yake inaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Vijiko!" anapaza sauti. Kunguru wawili wanaruka kutoka kwenye paa.

"Haya," Raili anasema.

Saa nne kasoro dakika chache Datsun inaelekea Myllymäki. Raili yuko kwenye usukani, Taisto pembeni yake, mwandishi wa makala haya kiti cha nyuma, magoti yakikaribia kidevu. Raili ameiacha taimingi nyuma kidogo kwa makusudi. Anaingiza gia ya nne chini ya kilima na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linalalamika, linatetemeka, linapanda.

Juu anasimama. "Vipi?"

"Hakuna," Taisto anasema.

Raili anashuka, anafungua boneti, analegeza bolti, anasogeza upana wa ukucha, anakaza. Wanarudi chini, wanapanda tena. Safari hii injini ina pumzi zaidi, hata abiria wa nyuma anaihisi mgongoni.

"Hakuna."

Anasogeza tena. Wanarudi chini kwa mara ya tatu.

Katikati ya kilima, kulia, kuna safu ndefu ya masanduku ya posta ya nyumba za ndani msituni. Gari linapoyafikia, sauti inaanza. Ni nyembamba kuliko mtu angedhani, karibu nzuri. Vijiko ndani ya droo.

Raili anatazama barabara. Uso wake umetulia kabisa na mguu wake uko chini. Kwake yeye kuna upepo, matairi na kelele za kiti.

Taisto amesikia. Shingo imekuwa nyekundu tena, vidole vimeshika magoti. Masanduku yanapita. Vijiko vinaongezeka. Kinywa cha Taisto kinafunguka, kinafumbwa. Raili haoni, anaendelea kukanyaga, na pistoni zile mpya alizozifunga mwenyewe majira ya baridi yote zinapigwa utosini mbele ya watu wawili wanaosikia.

"Vijiko," Taisto anasema kwa sauti ya kikombe.

Raili hajasikia.

"Vijiko. Raili. Vijiko! Raili, vijiko, toa mguu, mama wee, toa mguu!"

Raili anatoa mguu. Gari linajikokota hadi pembeni na kusimama. Taisto anahema kama aliyelisukuma.

Raili anageuza uso wake polepole. "Tangu wapi?"

"Tangu kwenye masanduku ya posta."

Anatazama nyuma kupitia kioo. Masanduku yako mbali, mita mia moja na zaidi. "Na muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najikusanya," Taisto anasema.

Raili anaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Ni vigumu kusema kama anacheka au analia, na huenda naye hajui. Kisha anafuta macho kwa mkono wa ovaroli, anachukua spana, anashuka. Anarudisha distributa nyuma, chini ya nusu ya ukucha.

Safari ya nne. Gari linapanda kwa nguvu safi, masanduku yanapita, mpindo wa juu unapita, na hatimaye wako kwenye tambarare ambako ziwa linaonekana.

"Hakuna," Taisto anasema.

Raili hajazima injini. Amemgeukia na kumtazama usoni, jambo ambalo watu wa hapa hawalifanyi kwa muda mrefu. "Hakuna kweli? Au unanihurumia?"

Taisto anavua kofia, anaiweka pajani, anafikiri.

"Vilikuwapo viwili," anasema mwishoni. "Vitatu labda. Pale kwenye mpindo. Halafu vikanyamaza vyenyewe."

Mtu anayekuhurumia angekuambia hakuna, basi. Vijiko viwili vitatu kwenye mpindo, kisha kimya, ndiyo sauti ya taimingi iliyokaa mahali pake, na Taisto, ambaye hajawahi kusoma kitabu cha injini, hangeweza kuibuni.

"Ndipo penyewe," Raili anasema. "Ndipo penyewe hapo, Taisto."

"Haya," Taisto anasema, na anavaa kofia.

Gereji imerudi kuwa kimya. Taisto ameondoka na gari lake kwenda kumchukua Helmi. Raili amesimama mbele ya kalenda. Kuna magari kumi na tisa kabla ya Vappu, kila moja na jina la mwenyewe. Mwandishi anamwambia kwamba jina lake linaweza kubadilishwa. Gazeti linasomwa mkoa mzima, na wateja wake ndio wasomaji.

Raili anapitisha kidole juu ya majina ya kwenye kalenda.

"Uandike jina langu lote," anasema. "Na kijiji. Nimekuwa nikifikiria namna ya kuwaambia mmoja mmoja. Siwezi. Na mimi ni wa hapahapa, sijui kusema. Wewe andika, wasome."

"Wakikukimbia je?"

"Wakinikimbia, angalau safari hii watakuwa wamesema kitu."

Anachukua penseli, kisha anasita. "Na wewe uliyekuwa nyuma," anasema. "Ulivisikia?"

"Nilivisikia."

"Tangu masanduku ya posta?"

"Kabla yake kidogo."

Raili anamtazama mwandishi, aliyekuja Häme miaka kumi na tisa iliyopita akiwa mtu wa maneno mengi. Pistoni mpya zilikuwa zinapigwa mbele yake, na alikaa kimya kwa sababu haikuwa zamu yake kusema.

"Basi na hilo liandike," Raili anasema.

Anataka misimu mitano zaidi, anasema, sita mikono ikikubali. Anataka siku moja magari yote ishirini na sita ya mwaka jana yarudi Myllymäki, moja moja, mpaka kila moja lipande kama linavyostahili. Taisto amekubali kuja Jumanne na Alhamisi, ingawa alikubali kwa kuinamisha kichwa tu. Kwa siku nyingine Raili anahitaji watu wengine, na anaomba tangazo lake liwekwe hapa kama anavyolisema, bila kupambwa.

"Raili Uotila hasikii vijiko. Ukileta gari, njoo na mtu atakayesema."